Mkataba Haubadilishwi na Mtu Mmoja

Ndugu zangu katika imani, kuna mchezo umezoeleka. Fundi anakubaliana na tajiri: kazi siku sita kwa wiki, malipo kwa siku. Kazi ikifika katikati, tajiri anatuma ujumbe kwamba kuanzia Jumatatu siku ni tatu, na malipo yamepungua. Eti mwenye pesa ndiye mwenye neno!

Neno gani hilo? Makubaliano ni ya watu wawili. Ujumbe ule ni ombi tu, hata ukiandikwa kwa ukali. Fundi anaweza kukataa, au kukubali kwa sharti: siku zikipungua, na tarehe ya kumaliza isogezwe. Akinyamaza akaendelea na kazi, kesho ataambiwa aliridhia. Basi ajibu siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Uganda, Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uandikwe. Nasi tuliamrishwa kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282, lakini tunaona haya kumwambia ndugu "tuandikiane". Haya ya nini? Tajiri mwenyewe yuko safu ya mbele msikitini, na siku tatu alizozifuta ndizo zilizokuwa ada ya watoto wa fundi.