Neno "Onyesho" na Uhakiki wa Tamthilia

Istilahi za tamthilia aghalabu hufundishwa kama orodha ya kukariri: mwanafunzi hufasili tanzia, ramsa, msuko na maelekezo ya jukwaa, kisha hupewa alama zake. Mtazamo huo haujitoshelezi, kwani istilahi ndiyo inayoamua mhakiki ataona nini na atapitwa na nini. Neno "onyesho" linadhihirisha jambo hili.

Katika tamthilia zilizochapishwa, onyesho ni kipande cha mchezo: Onyesho la Kwanza, Onyesho la Pili, na kuendelea. Wakati huohuo, onyesho ni kitendo kizima cha wasanii kuigiza mbele ya hadhira. Maana hii ya pili ndiyo iliyomo katika jina la kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya cha mwaka 1976, "Fasihi na Sanaa za Maonyesho". Mwanafunzi anayeandika kwamba onyesho la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza anaweza kuwa anazungumzia kurasa za kitabu au usiku mbili ukumbini.

Neno moja likibebeshwa mizigo miwili, mmoja huanguka. Katika madarasa mengi ulioanguka ni ule wa jukwaa. Matokeo yake ni tasnifu zinazochambua dhamira na wahusika wa "Kinjeketile" (1969) ya Ebrahim Hussein kana kwamba ni riwaya iliyoandikwa kwa majibizano. Mhusika anapoingia mtoni, mhakiki huuliza mto unaashiria nini. Haulizi hadhira itauonaje mto usiokuwepo, wala kimya cha wanaosubiri kidumu kwa muda gani.

Inafaa basi "onyesho" liachiwe kipande cha mchezo, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka vitabuni na katika mitihani. Kitendo cha kuigiza mbele ya hadhira kiitwe "utendaji", neno ambalo wataalamu wa fasihi simulizi wanalitumia tayari. Jina "sanaa za maonyesho" halina haja ya kuguswa. Ni jina la taaluma, na halimkanganyi mtu.

Yapo yatakayopingwa. Itasemwa kwamba "mtendaji" humkumbusha Mtanzania ofisi ya kijiji au ya kata kabla ya kumkumbusha jukwaa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini muktadha hulitatua, kama unavyotatua maana nyingi za neno "mchezo". Faida inayopatikana ni kubwa zaidi. Katika "Nguzo Mama" (1982) ya Penina Muhando, Bi Msimulizi anaisimulia hadhira hadithi huku ikiigizwa. Mhakiki mwenye istilahi moja kwa fanani wa ngano na kwa mwigizaji wa jukwaani ataweza kumchambua mhusika huyo bila kulazimika kumpima kwa vipimo vya Aristotle pekee.

Asili ya neno "tamthilia" lenyewe ni Kiarabu, kutokana na mzizi uleule uliotupa "mithali" na "mithili". Kiini chake ni kufananisha na kuigiza. Ni ajabu kwamba neno lililozaliwa na uigizaji limefanywa jina la kitabu cha kusomwa kimyakimya. Idara zinazotahini tamthilia hazina budi kukubaliana juu ya istilahi hizi na kuzitumia kwa uthabiti, ili mtahiniwa aulizwe pia kuhusu utendaji, na ajue anaulizwa nini.