Mfuko wa mipira iliyobandikwa



Wengi wenu mnaujua ule mfuko wa mipira ya ndani tunaoubeba kwa zamu katika njia ya Sange na Uvira. Tuliuanza kwa sababu ya shida moja tu. Mama anatobokewa katikati ya njia, gunia la unga liko nyuma, kwado yuko mbali, na bei ya kwado inapanda kadiri jua linavyoshuka. Tukasema kila mmoja wetu atoe mpira mmoja uliobandikwa, tuiweke pamoja. Atakayetobokewa atachukua mmoja, atauvalisha, ataendelea na safari. Ule wake uliotoboka ataubeba nyumbani, ataubandika, na kuurudisha mfukoni kabla ya soko lijalo. Franka haitoki. Mpira kwa mpira.

Sasa siku ya tano iliyopita mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, alitobokewa kabla ya kufika Kiliba. Alikuwa amebeba sombe na makala. Mfuko ulikuwa na mipira mitatu. Wa kwanza walipoujaza upepo ulikaa muda wa kufunga mzigo tu, kisha ukalala. Wa pili kiraka chake kiliinuka pembeni hata kabla ya kuingia ndani ya tairi. Wa tatu ulikuwa wa baiskeli ya mtoto, sijui nani aliuweka humo akidhani hatutaona. Jua likazama. Wenzake wawili wakabaki naye, kwa maana kila mtu anajua kwamba njia ile usiku si njia ya mama. Wakaomba mahali pa kulala kwa watu wasiowajua, nao wakawapokea vizuri, Mungu awabariki. Lakini mapacha waliokuwa wakimngoja Uvira bado wananyonya. Bibi yao aliwapa uji na maji usiku kucha, na majirani walisikia kilio chao. Na asubuhi sombe ilikuwa imelegea, hakuna aliyeitaka kwa bei.

Katika mkutano wa siku ya posho maneno yalikuwa makali. Wengine walisema mfuko ufungwe, kila mtu ajitegemee. Wengine walitaka faini. Kuna aliyesema kwamba vipande vya mpira ni takataka, havifai kugombanisha wamama. Hapo mzee wetu mmoja alimjibu kwamba katika nchi hii mpira haujawa takataka hata siku moja. Ni kweli. Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo kule Belfast mwaka 1887, Ulaya ikataka mpira mwingi, na mababu zetu chini ya Léopold wa Pili walilazimishwa kuutafuta porini, wengine wakakatwa mikono, mpaka nchi ilipotolewa mikononi mwake mwaka 1908. Tukanyamaza kidogo.

Ilitubidi sisi pia tuseme letu. Ule mpira wa pili, ule wa kiraka kilichoinuka, ulitoka kwetu sisi tunaoandika ukurasa huu. Tuliubandika siku ya nne usiku, kwa mwanga wa taa ndogo, kwa haraka, na hatukuupitisha katika maji. Tulisema moyoni kwamba ni wa mfuko, si wa baiskeli yetu. Wamama, hapo ndipo kosa lilipo. Mpira wa baiskeli yako unaujaribu mara tatu. Mpira wa mfuko unautupa ndani na kuhesabiwa kuwa umetoa. Mfuko mtupu ungekuwa heri, maana mama angejua kwamba hauna kitu, angeondoka Sange mapema au angebeba mzigo mdogo.

Faini hatukuikubali. Katika MUSO tunajua sanduku nyekundu ni la kusaidiana na sanduku ya kijani ni ya mkopo, na tukianza kuingiza franka katika mfuko, mwenye franka atalipa na kuacha mpira mbovu bila haya. Tulichokubaliana ni hiki: kila anayebandika atafunga kwenye vali kipande cha kikwembe chake mwenyewe. Hatuandiki majina, kwa sababu si wote tunaosoma, lakini vikwembe vyetu tunavijua wote. Mpira ukilala njiani, kikwembe kitasema ni wa nani.

Na kwa kuwa wengine walisema hawakufundishwa vizuri, tunaeleza hapa namna mama mmoja, aliyejifunza kwa kaka yake kwado, alivyotuonyesha. Kwanza usitafute tundu kabla ya kutazama vali. Katika baiskeli zetu hizi nzito, vali nyingi zina kimpira chembamba kama utumbo wa kuku, kinachovalishwa juu ya kijiti cha chuma. Kikichakaa upepo unatoka polepole, nawe unabandika mpira mzima bure. Weka mate juu ya vali. Yakitoa povu, badilisha kimpira hicho, basi.

Kama vali ni nzima, jaza upepo kidogo, pitisha mpira ndani ya beseni la maji, tazama povu, tia alama. Ukipata tundu moja ni mwiba au msumari: papasa ndani ya tairi kwa vidole, taratibu, uutoe, la sivyo utatoboa tena kabla ya kufika barabarani. Ukipata matundu mawili yaliyokaa jirani kama meno ya nyoka, ni ukingo wa gurudumu uliobana mpira juu ya jiwe. Maana yake upepo ulikuwa mdogo na mzigo mkubwa, na hapo kiraka peke yake hakitakuponya.

Kausha vizuri. Kwaruza kwa msasa, au kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, mpaka mpira upoteze mng'ao. Kata kiraka kutoka mpira wa zamani, kiwe cha mviringo, kwa sababu pembe ndizo zinazoinuka (tunajua sasa). Pakaa gundi nyembamba pande zote mbili, kisha ngoja. Hapa ndipo haraka inapotuponza. Gundi ikiwa bado na maji, kiraka kitateleza. Ngoja mpaka ukiigusa ukingoni isifuate kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Halafu upitishe tena katika maji, na uache na upepo usiku mzima. Asubuhi ukiwa bado umesimama, toa upepo, kunja, funga kikwembe, peleka mfukoni. Usiuweke pamoja na chupa ya mafuta ya taa, wala juani.

Mpira uliopasuka chini ya vali hauponi. Usiutie mfukoni. Ukate kamba za kufungia mzigo, nazo tutazipokea kwa furaha.

Kuna jambo moja hatukulimaliza. Kijana mmoja asiye wa chama chetu aliwahi kutuomba mpira njiani, tukampa, hakuurudisha. Nusu yetu wanasema tusimpe tena mtu wa nje. Wengine wanakumbusha kwamba wale waliowalaza wenzetu karibu na Kiliba nao hawakuwa wa chama. Tutalizungumza tena.

Siku ya posho ijayo, baada ya mkutano, tutaubandika upya mfuko wote, mpira kwa mpira. Beseni mbili zipo na msasa upo. Gundi haitoshi. Kila mmoja alete mpira wenye kipimo cha 28 na kipande cha kikwembe. Mama wa mapacha amesema atakuja, naye ndiye atakayekaa kwenye beseni la kujaribia.