Kideri hakitibiwi kwa oksitetrasaiklini

Nafuga kuku wa mayai hapa Buhehe, Busia ya Uganda. Trei zangu huishia mjini, kwa wapika roleksi, zile chapati za mayai, walioko karibu na mpaka wa Kenya, na ndiyo maana siwezi kunyamaza kuhusu dawa tunazowatilia kuku kwenye maji.

Kideri kikiingia kijijini, mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya oksitetrasaiklini. Huikoroga ndooni kwa kukisia. Kideri ni ugonjwa wa virusi, na dawa ile haina nguvu yoyote juu ya virusi. Inaowapata ni bakteria wa matumboni mwa kuku, wakiwemo salmonela na E. koli. Walio dhaifu hufa, wachache wanaoihimili hubaki na nafasi yote huwa yao. E. koli akipata joto na chakula hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Tena bakteria hupeana vinasaba vya usugu dhidi ya dawa, hata wasiokuwa wa ukoo mmoja. Kutoka hapo safari ni fupi: samadi, ganda la yai, mkono wa mpishi.

Anayedhani haya ni mambo ya Ulaya asikie hili. Mwaka 2009 watafiti walieleza salmonela iitwayo ST313, iliyopatikana katika damu ya wagonjwa wa Malawi na Kenya. Salmonela tuliyoizoea husababisha kuhara. Hii huvamia damu, na huua watoto waliodhoofishwa na malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye VVU. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ukoo wake mmoja uliupiku mwingine ulipopata usugu dhidi ya kloramfenikoli, dawa iliyokuwa tegemeo la hospitali. Huko dawa ilitumika kwa binadamu, si kwa kuku. Lakini kanuni ni ileile, nasi tunaifanyisha kazi mabandani mwetu.

Chanjo ya kideri ya tone la jicho ipo, na ipo inayostahimili joto letu. Hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani tunachanga pesa na kuchanja siku moja. Kuku wakiugua ugonjwa wa bakteria kweli, namwita daktari wa mifugo, na mayai ya siku zilizokatazwa kwenye pakiti hayapandi pikipiki. Inauma, kwa sababu karo haingoji. Ila yai lile litaliwa na mtoto wa mtu.

Uganda ina Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, Kenya ina Kurugenzi ya Dawa za Mifugo. Maafisa wa nchi hizi wanakagua malori katika kituo kimoja cha mpakani, lakini kuku aliyefungwa kwenye baiskeli hupita njia za panya, na pakiti ya dawa vilevile. Upande mmoja peke yake ukidai cheti cha daktari, mnunuzi atavuka tu. Naziomba taasisi hizo mbili ziweke sharti moja katika Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na zihakikishe chanjo inafika madukani vijijini kabla ya oksitetrasaiklini.