«Frais» si baridi

Mwaka jana, katika zoezi la tafsiri, tulipewa maandishi ya pakiti ya chakula tuyatie katika Kiswahili. Sentensi moja ilikuwa: «À conserver dans un endroit frais et sec». Niliandika: «Hifadhi mahali pa baridi na pakavu», nikapata alama zote. Karibu darasa zima tuliandika hivyo. Hakuna aliyebisha, na mimi sikuwa na sababu ya kubisha.

Sababu niliipata baadaye. Dada yangu alinitumia kutoka Goma, kwa boti, vipande viwili vya chokoleti nyeusi iliyotengenezwa Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, kwa kakao ya wakulima wa Beni. Kimoja nilikiweka katika frigo, kama tafsiri yangu ilivyoagiza. Cha pili nilikisahau ndani ya sanduku la vitabu. Baada ya wiki tatu nilivitoa vyote siku moja, nikavifungua, nikavionja jioni. Kile cha frigo kilikuwa na unga mweupe unaokwaruza ulimi, na nyuma ya utamu kulikuwa na harufu ya makayabo waliokuwa jirani yake. Mama alikitazama akasema: «Shokola imeota ukungu, tupa.» Kile cha sandukuni kilikuwa kinang'aa, ukikivunja kinalia, na mdomoni kilianza na uchachu wa matunda kabla ya uchungu kufika.

Nadai kwamba neno «baridi» lilishiriki kuiharibu chokoleti ile.

«Frais» ya Mfaransa ni hali ya kivuli, ya jioni, ya chumba chenye kuta nene. Kwa chokoleti ni nyuzi 15 hadi 18 hivi. Frigo ya nyumbani huwa karibu na nyuzi 4, tena ina unyevu. Ukiitoa chokoleti humo ukaifungua papo hapo, hewa ya nje huacha matone madogo juu yake, kama juu ya chupa ya soda. Maji hayo huyeyusha sukari ya juu. Yakikauka, sukari hubaki chembechembe nyeupe. Na mafuta ya kakao hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Basi sisi watafsiri tulimwelekeza mnunuzi pale pale asipopaswa kwenda. Kiswahili hakikosi neno: jua likipungua tunasema kumepoa. «Mahali palipopoa na pakavu, mbali na vitu vyenye harufu.» Maneno yameongezeka kidogo, lakini hayampeleki mtu kwenye frigo.

Neno la pili ni «ukungu». Ukungu ni kiumbe, huota, na waweza kudhuru. Weupe wa sukari haudhuru. Upo pia weupe wa mafuta, unaoletwa na joto. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa maumbo sita, na fundi hupasha na kupoza chokoleti kwa uangalifu ili apate umbo la tano, linaloyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti nzuri huvunjika kwa mlio, kisha hulainika mdomoni. Ikiachwa garini juani, mafuta huyeyuka, hupanda juu na kuganda ovyo. Utaona mabaka ya kijivu. Pitisha kidole: yakiyeyuka na kufutika ni mafuta, yakikwaruza ni sukari. Chokoleti ya namna hiyo hupikiwa keki bila shida yoyote. Lakini ikiitwa «yenye ukungu» itatupwa, na mnunuzi ataondoka akisema vitu vyetu havidumu. Wakati huohuo vile vitamutamu vya bei rahisi kutoka nje, ambavyo mafuta ya kakao yamebadilishwa kwa mafuta mengine ya mimea yanayostahimili joto, vinabaki kung'aa, na watu wanaona kung'aa ndiko ubora. Mkulima wa Beni amevundika mbegu zake siku tano hadi saba, amezikausha mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 7, amezilinda zisiguswe na moshi. Kakao nyingi ya kule huondoka nchini ikiwa mbegu tu. Ile kidogo inayogeuzwa chokoleti hapa kwetu tunaiua kwa neno moja la haraka.

Kuhusu tarehe, nitasema kwa ufupi. «À consommer de préférence avant» na «à consommer jusqu'au» zote tunaziandika «mwisho wa matumizi». Ya kwanza inahusu ladha, ya pili inahusu usalama, kama kwa nyama. Chokoleti huandikwa ya kwanza. Ikipita tarehe haigeuki sumu, huchuja tu. Harufu za matunda na maua hutangulia kuondoka, uchungu na sukari hubaki. Ile ya maziwa huchoka mapema zaidi.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tuseme «chokoleti mbichi» kwa chokoleti ambayo haijakaa sana. Hapana. Samaki mbichi, sawa. Lakini chokoleti mbichi msomaji ataielewa kuwa ya mbegu zisizokaangwa. «Mpya» nayo inapotosha, kwa kuwa upya si sifa kila mara: mafundi wengi huacha mabonge ya chokoleti yapumzike majuma kadhaa kabla ya kuyaunda, ili ukali wa siki upungue. Mimi ningesema «iliyotunzwa vizuri», nikaishia hapo.

Nimepata pingamizi moja la haki, kutoka kwa rafiki wa Kisangani: kwao palipopoa ni wapi? Hapa Bukavu, mita 1.500 hivi juu ya usawa wa bahari, sanduku la vitabu linatosha. Kule frigo yaweza kuwa kimbilio pekee. Basi pakiti iseme pia: «Ukitumia frigo, ifunge katika chombo kisichopitisha hewa, ukiitoa, usiifungue mpaka ipate joto la chumba.» Ataniambia pakiti ni ndogo. Kweli, lakini ina nafasi ya kutosha kwa picha ya sokwe na maneno ya kujisifu, na sokwe haelezi namna ya kuhifadhi.

Nimeurudisha mtihani wangu mdogo kwa asistanti wetu, nikamwomba anipunguzie alama ya sentensi ile na aitoe tena kwa wanafunzi wa mwaka huu. Alicheka, akaniuliza kama kuna kipande kilichobaki cha sandukuni. Kilikuwepo nusu.