Daktari wa Simu, Uliza Kwanza Dalili za Hatari

Siku hizi ukiugua unatuma meseji, unajibiwa 'kunywa maji, pumzika'. Poa, umeokoa fare. Lakini meseji haioni uso uliovimba. Mjamzito akiandika 'kichwa tu kinauma', huenda ni presha ya ujauzito, na hiyo huua.

Kwa hivyo anayejibu aulize kwanza: Unavuja damu? Unaona ukungu? Mtoto ameacha kucheza? Ndiyo moja tu, hospitali sasa hivi, si kesho. Zote zikiwa la, aambiwe akapimwe presha leo na atapigiwa tena saa ngapi, maana ugonjwa hubadilika.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inatambua matibabu ya mbali. Sasa tuulize: simu ya mgonjwa ikizima, ni nani anamtafuta?