Kakao ya Beni, setelaiti na kazi inayotafuta watu

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuingiza katika soko lake kahawa na kakao zilizolimwa mahali ambapo msitu ulikatwa baada ya 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa mara mbili. Kwa makampuni makubwa sasa ni 30 Desemba 2026. Jambo hili linawagusa wakulima wa Beni na Butembo moja kwa moja. Kila shamba litapaswa kuonyeshwa mahali lilipo. Likizidi hekta 4, mipaka yake yote ichorwe.

Nani atafanya kazi hiyo? Picha za setelaiti za Sentinel-2 hutolewa bila malipo, na programu ya kuchorea ramani, QGIS, nayo ni ya bure. Lakini picha haisemi yote. Kakao iliyopandwa chini ya miti mikubwa, ikitazamwa kutoka juu, hufanana na msitu. Tena mawingu ya huku kwenye ikweta huficha mengi. Anahitajika mtu wa hapa, anayejua njia ya kufika shambani na anayejua pia kuisoma picha.

Watu wa kufundishwa tunao. Wakati wa Ebola ya 2018–2020, wengi walizoea kukusanya habari nyumba kwa nyumba. Ugonjwa ulipokwisha, kazi nayo ikaisha. Ndiyo maana mtu mzima asifundishwe kubonyeza simu tu. Aongozwe hatua kwa hatua: kupima shamba, kuchora ramani, kusoma picha, kisha kuandika ripoti ambayo mnunuzi ataipokea. Ujuzi wa namna hiyo hauishi pamoja na mradi. Huko Beni, chuo kikuu cha Kikristo cha UCBC kimekwisha kutumia ramani katika kutafuta suluhu za migogoro ya ardhi, msingi upo.

Lakini kuna hatari. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza wengi kutoka mashamba yao. Anayepima leo anaweza kuandika shamba la mkimbizi kwa jina la aliyelikuta tupu. Torati inakataza kusogeza mpaka wa jirani, na siku hizi mpaka husogezwa hata kwa simu.

Basi viongozi wa makanisa na wa vyama vya ushirika waulize mapema: nani anafundishwa, nani anashuhudia mipaka, na ramani itabaki mikononi mwa nani?