Kufomati Si Kutengeneza

Nina ugomvi na neno moja, na sitauficha. Neno lenyewe ni "tufomati". Peleka kompyuta kwa mafundi wengi ninaowajua hapa Mbarara, iwe inachelewa kuwaka, iwe imeganda, iwe inazimika katikati ya gemu, na kabla hujamaliza kueleza utaambiwa: tufomati, tupige Windows upya. Mganga huyu ana dawa moja ya homa, ya jino na ya uzazi.

Kaka yangu ana kibanda cha gemu kule New Congo, Nakivale. Vijana hulipa kwa mechi. Pesa hizo ndizo zilizonifikisha chuoni, kwa hiyo mtu akisema gemu ni anasa, tena kwa mkimbizi, namwacha amalize kisha namuuliza yeye alilipiwa ada na nani. Mwaka jana kaka alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika pamoja na monita ya hezi 144, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Foleni ikaongezeka. Baada ya wiki chache balaa likaanza: mechi imepamba moto, ghafla skrini giza, feni kimya, kisha mashine inajiwasha yenyewe. Wateja wakadai pesa zao.

Tulisafiri mara tatu hadi Mbarara, kwa mafundi watatu, na mara tatu ikafomatiwa. Kila mmoja aliiwasha, akafungua video, akaona iko salama, akapokea malipo. Hakuna aliyecheza gemu hata dakika tano, ilhali tulisema wazi kwamba inazimika kwenye gemu tu. Fomati ya kwanza ilifuta hesabu za madeni na picha za harusi ya dada yetu, zilizopigwa Uvira. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Wiki ile ile mashine ikazimika tena.

Likizo ilipofika niliifungua mwenyewe. Windows huweka rekodi za matukio, na humo nilikuta tukio namba 41 likijirudia. Halisemi kosa ni la nani. Linasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Lakini hilo si dogo. Gemu likijifunga huku Windows ikibaki hai, unaweza kuanza kushuku gemu lenyewe, draiva au memori. Mashine nzima ikikata kama taa, anza na umeme na joto.

Nikashusha monita hadi hezi 60, na gemu nikalizuia lisipite fremu 60. Jioni nzima haikuzimika. Kumbe kwa fremu 60 kadi ya michoro ina takriban milisekunde 17 za kuchora kila picha. Kwa 144 inabaki na 7 hivi, inafanya kazi zaidi na kunyonya umeme zaidi. Je, mkosaji ni inveta ya sola ya kibandani? Nikaibeba kompyuta hadi chumbani kwangu Mbarara, nikaichomeka kwenye umeme wa gridi, nikarudisha 144. Ilikufa kabla ya nusu saa. Inveta ikaachiwa huru. Nikaazima pawa saplai ya mwanafunzi mwenzangu, nikacheza saa tatu, haikuzimika. Pawa saplai mpya ilitugharimu chini ya nauli na malipo ya wale watatu. Windows sikuigusa.

Sisemi kufomati hakuna kazi. Faili za mfumo zikiharibika, au virusi vikishindikana, fomati, ila hifadhi kwanza vya watu. Ninachokataa ni kufuta ushahidi kisha kuita huko kuchunguza. Mwaka 2024 wachezaji wa gemu duniani walikuwa wakilalamika kwamba magemu yanajifunga kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14. Mara nyingi ujumbe ulidai memori ya kadi haitoshi, wakati inatosha. Mwishowe Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikipewa volti kubwa mno, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka 2 ya dhamana. Nani angeligundua hilo kwa kupiga Windows upya?

Mafundi wetu sitawalaumu peke yao. Nao walipita mikononi mwa walimu. Darasani tumefundishwa kutaja sehemu za kompyuta, kuchora mishale na kukariri vifupisho. Sijawahi, hata siku moja, kuwekewa mezani mashine mbovu na kuambiwa: tafuta, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, andika ulichoona. Walimu wetu watasema vifaa hakuna. Vibovu vimejaa tele! Ile pawa saplai ya kaka iko chini ya kitanda changu, bado inazimika vizuri kabisa, na niko tayari kuileta Jumatatu.